Kutoka Lugalo Hadi Warsaw: Filamu Tatu na Ugomvi wa Nyumbani Kwetu

Kwetu vita ya Mkwawa haijaisha. Mama ni Mhehe wa Kalenga, baba ni Msangu wa Utengule, na mimi nimekulia Mbeya katikati yao. Jina la Mkwawa likitajwa wakati wa chakula, mama anakaa wima kwenye kiti. Baba anaendelea kutafuna. Akimaliza anasema, "Shujaa wenu." Basi, hapo ugali unapoa.

Julai iliyopita, kwenye ile baridi ya Mbeya isiyomruhusu mtu kutoka nje, nilijifungia na filamu za Ulaya zinazohusu watu waliopinga uvamizi wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili. Nilidhani naukimbia ugomvi wa nyumbani. Kumbe nimeukuta huko huko. Ninazo tatu za kukupendekezea.

Ya kwanza ni *Kanał* (1957) ya Andrzej Wajda wa Poland. Tuko Warsaw mwaka 1944, siku za mwisho za uasi ulioanza tarehe 1 Agosti. Kikosi cha wapiganaji kimezingirwa, na njia pekee iliyobaki ni mitaro ya majitaka chini ya mji. Mwanzoni kabisa tunaambiwa kwamba hawa tunaowaona wako kwenye saa zao za mwisho. Ukishajua hivyo, huhangaiki tena kusubiri ushindi. Unabaki kuwaangalia watu: nani anamshika mwenzake mkono, nani anapotea gizani.

Sasa subiri. Jenerali aliyepewa kazi ya kuuzima uasi ule aliitwa Erich von dem Bach-Zelewski. Msomaji wa Iringa hapo ataruka. Ndiyo, ni ukoo ule ule wa Emil von Zelewski, kamanda Mjerumani ambaye Wahehe walimvizia Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akafa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Kati ya Lugalo na Warsaw ni miaka 53 tu. Shuleni tulifundishwa matukio haya kama mambo ya dunia mbili tofauti, moja kwenye mada ya ukoloni, jingine kwenye mada ya vita vya dunia. Kwa ukoo huu ilikuwa kazi ileile.

Ya pili ni *L'Armée des ombres* (1969) ya Jean-Pierre Melville, Mfaransa ambaye mwenyewe alikuwa kwenye mapambano ya siri. Usitarajie madaraja kulipuliwa. Kuna kijana aliyewasaliti wenzake, nao wamemleta kwenye nyumba ya kupanga wamuue. Wanagundua kuwa jirani yuko ukutani tu, risasi itasikika. Wanaanza kujadiliana watumie nini, na kijana yuko pale pale anasikiliza. Mwishowe wanatumia taulo. Sijaona filamu nyingine inayoeleza vizuri hivyo gharama ya kutomwamini mtu.

Nilipoitazama nilimkumbuka Mpangile. Kalenga ilianguka Oktoba 1894, lakini Mkwawa aliendelea kupigana porini karibu miaka minne, na hakuna anayeishi porini muda wote huo bila watu wa kumletea chakula na kufunga midomo. Mwishoni mwa 1896 Wajerumani walimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala. Februari 1897 wakamuua, wakimtuhumu kwamba anamsaidia nduguye kwa siri. Je, alikuwa kibaraka, au alikuwa mtu wa Mkwawa muda wote? Hiyo ni filamu nzima, jamani, na imelala tu pale Iringa.

Ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi: *Le Chagrin et la Pitié* (1969) ya Marcel Ophüls. Ni ya mahojiano, inazidi saa nne, kuhusu mji wa Clermont-Ferrand chini ya Wajerumani. Wamo wakulima waliopigana. Yumo pia mwenye duka aliyetoa tangazo gazetini kueleza kuwa yeye si Myahudi. Televisheni ya Ufaransa haikuionyesha mpaka 1981, maana taifa lilikuwa limeshajizoesha kujisimulia kwamba wote walipinga.

Hapo nikamwelewa baba. Wasangu walikuwa na dola yao kabla ya Wahehe kupanda. Munyigumba, kisha mwanawe Mkwawa, waliwabana mpaka Merere akahamia upande wa Mbeya ya leo. Ndiyo maana tuna Utengule mbili, ya Usangu na ya Usongwe. Wajerumani walipofika, Wasangu walishirikiana nao dhidi ya Mkwawa, wakarudi kwao. Simlinganishi Merere na yule mwenye duka. Mwenye duka alikuwa anawakana majirani zake. Merere alikuwa amefukuzwa na jirani yake. Lakini vitabu vyetu vina nafasi ya shujaa na ya msaliti tu, na babu zangu wa upande mmoja hawaenei kwenye yoyote kati ya hizo.

Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilichukuliwa, kikadaiwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na fuvu likarudi Kalenga mwaka 1954. Ukitaka kuona jeraha la namna hiyo kwenye kioo, ongeza ya nne, *Das leere Grab* (2024) ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, inayofuata familia za Songea na Meru zinazotafuta mabaki ya wazee wao. Ya Iringa na Usangu bado inamsubiri mtu mwenye kamera na uvumilivu wa Ophüls.

Jumapili moja niliwawekea wazazi ile ya Ophüls na kuwatafsiria nilivyoweza. Mama alisinzia. Baba alitulia kimya mpaka kwa mwenye duka, akauliza, "Huyu, wenzake walimsamehe?"

Mama, macho yamefumbwa: "Kwanza sema, yeye aliomba?"

Baba akacheka. Kwenye mada hii sikuwahi kumsikia akicheka.