Zuhura: Sayari Jirani na Funzo la Hewa

Kuna miezi ambayo jamaa zetu wa Kibaha na Kisarawe, kama sisi wa visiwani, baada ya Magharibi huona nyota kali upande wa machweo. Hiyo ni Zuhura, na kwa hakika si nyota bali ni sayari ya mwamba.

Upana wake ni kilomita 12,100 hivi. Wa ardhi yetu ni 12,700. Ina milima, mabonde na nyanda za lava. Lakini joto lake ni nyuzi 465, la kuyeyusha risasi, na uzito wa hewa yake ni mara 90 ya yetu. Utaridi iko karibu zaidi na jua, wala haifikii joto hilo. Sababu ni hewa: asilimia 96 ni kaboni dayoksaidi, inayozuia joto lisitoke.

Gesi hiyo miti huivuta, na tanuri la mkaa huirudisha hewani. Ardhi haitageuka Zuhura kwa mkaa, lakini misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, Kisarawe, imekatwa sana. Mwenyezi Mungu ameweka mizani, tusiiharibu.

Wallahu a'lam.