Mchango uliofika Kinyerezi

Mpwa wangu anakaa Kinyerezi, si mbali na mitambo ya umeme wa gesi, na ndani ya laptopu yake kuna daladala. Ukibonyeza W inasogea. Ukiifikisha kituoni, mlango unafunguka wenyewe. Zungusha kipanya utaiona kwa nyuma, kwa juu, hata uvunguni. Taa moja ya breki haiwaki. Anasema ni makusudi, maana daladala yenye taa zote nzima nani ataiamini?

Programu aliyoitumia ni Blender, na hakuilipia hata senti. Nilipomuuliza kwa nini ni ya bure, alijibu, "Ndivyo ilivyo, Anko." Kumbe haikuwa hivyo siku zote.

Mholanzi Ton Roosendaal alianza kuiandika mwaka 1994 kwa ajili ya NeoGeo, studio yake ya katuni. Miaka minne baadaye akaanzisha kampuni ya NaN ili kuieneza, na mwaka 2000 ikaongezewa injini ya gemu. Nyongeza hiyo ilibadili mambo. Katuni ya kawaida ni chakula kilichokwisha kupikwa: katika filamu ya Toy Story ya 1995, fremu moja tu iliweza kuishughulisha kompyuta kwa saa nyingi, na mtazamaji kazi yake ilikuwa kukaa na kutazama. Kwenye injini ya gemu, picha inachorwa upya mara 30 au 60 kwa sekunde, ikifuata mkono wa anayecheza.

Mpwa wangu hakuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Aliunganisha visanduku vitatu kwa nyuzi kwenye skrini: cha kwanza kinahisi kwamba gari limekaribia kituo, cha kati kinaamua, cha tatu kinafungua mlango. Ukikata uzi mmoja, mlango unabaki umefungwa.

Mwaka 2002 wawekezaji waliifunga NaN, na programu ikabaki yatima. Roosendaal akakubaliana nao: zikipatikana euro 100,000, msimbo utaachiwa watu wote. Mchango ukatangazwa Julai. Aliyewahi kuwa kwenye kamati ya harusi anajua kwamba ahadi hujaa daftari huku fedha zikisuasua, na hapo watu wana kadi mkononi na pilau inawangoja. Waliochangia Blender hawakuahidiwa hata soda. Fedha zilitimia ndani ya wiki saba, na tarehe 13 Oktoba 2002 msimbo ukatoka kwa leseni huria ya GNU.

Afrika Mashariki haikukaa ikingoja. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu inayomfuata msichana anayesaka vitu vya kale vya Afrika. Baadaye yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts. Hapa Dar, Ubongo Kids ilipoanza kurushwa TBC1 mwaka 2014, katuni zake zilikuwa bapa, lakini watoto waliweza kujibu maswali kwa SMS na wahusika wakawajibu. Kitochi cha mama kikawa rimoti ya katuni! Kwangu mimi, huo ulikuwa ubunifu mkubwa kuliko pande tatu zozote.

Toleo la 2.80 la Blender, mwaka 2019, liliing'oa injini ya gemu. Wengi wamehamia Godot, injini nyingine ya gemu, nayo ni huria tangu 2014. Mpwa wangu ameng'ang'ania 2.79, kwa sababu mashine yake ni ya zamani na, nadhani, kwa sababu ni mbishi.

Alinipa usukani. Nikabonyeza W nikasahau kuachia, daladala ikaipitia nguzo ya kituo katikati kama jini, bila hata mkwaruzo.

"Hiyo nguzo bado sijaipa mwili, Anko," alisema, akaivuta laptopu upande wake.