Kusema Si Kutenda

Mwaka 1914, kijana Mmarekani aitwaye Lawrence Sperry alirusha ndege huko Paris mbele ya watazamaji, akainua mikono yote miwili wamwone kuwa hashiki usukani. Ndege ikaendelea sawasawa kwa nguvu ya mtambo. Tangu hapo binadamu amezidi kuukabidhi mtambo kazi ya rubani, na mara nyingi amefanya vyema, maana mtambo hauchoki wala hausinzii. Lakini kukabidhi nako kuna kanuni zake, na sisi wa Afrika Mashariki tumezijua kwa msiba.

Usiku wa tarehe 5 Mei, 2007, ndege ya Kenya Airways, Boeing 737-800, iliruka kutoka Douala, Kamerun, kwenda Nairobi ikiwa na watu 114. Nje kulikuwa giza totoro. Punde rubani kiongozi alitamka agizo la kuwasha mtambo wa kujiendesha. Msaidizi wake hakujibu, na mtambo haukuwaka. Kwa sekunde 55 ndege haikuongozwa na mtu wala mtambo. Ikawa inalala polepole upande wa kulia, na gizani mwili hauhisi mlalo wa namna hiyo. Onyo lilipolia, rubani alishtuka akazungusha usukani kulia, upande uleule wa hatari. Hakupona mtu.

Mimi niliyefundisha walimu nalitambua somo hili. Mwalimu mgeni kazini huuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyo!" naye hufuta ubao. Kumbe ushahidi umo madaftarini. Vivyo hivyo, agizo lililotamkwa si kazi iliyotendeka. Rubani akishaagiza, na atazame vipimo aone kama mtambo umeitika. Mwenzake athibitishe kwa sauti. Mmoja aongoze, mwingine achunge, na mdogo asione haya kumsahihisha mkubwa. Mtambo ukifanya wasilolielewa, wauzime, washike ndege kwa mikono na kusawazisha mabawa kwanza, maswali yangoje.

Hata hivyo tusiwatwike marubani lawama zote. Tarehe 10 Machi, 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines ilianguka dakika sita baada ya kuondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, wakafa watu 157. Kipimo kimoja kilitoa taarifa ya uongo, na mtambo ukaisukuma pua ya ndege chini tena na tena. Ndege ya aina hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia mwaka 2018, na hadi ajali hiyo ya kwanza marubani hawakuwa wameelezwa kuwa mtambo huo upo. Anayekabidhi chombo hana budi kueleza tabia zake.

Hapa Kasulo tunamkabidhi mtoto mbuzi asubuhi, na jioni tunawahesabu. Hatuhesabu kwa kumdharau mtoto. Tunahesabu kwa sababu mbuzi ni wetu.