Keya na Kariakoo katika Kumbukumbu ya Pemba: Lugha ya Masimulizi ya Askari wa Waingereza

Kwa wazungumzaji wengi wa leo, Kariakoo ni soko la Dar es Salaam. Asili ya jina hilo ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi waliobeba vyakula na risasi za Waingereza katika vita vya 1914–1918. Keya nalo ni neno lililotokana na herufi za King's African Rifles. Lugha imeyahifadhi majina ya majeshi hayo vizuri kuliko ilivyowahifadhi watu wake, na kwa Pemba pengo hilo ni pana zaidi.

Vita viliifikia Zanzibar mapema: tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja. Baadaye liliundwa jeshi la Zanzibar African Rifles, ambalo mwaka 1917 liliunganishwa na askari wa Mafia kuwa kikosi cha saba cha Keya. Visiwa vilitoa wapagazi pia. Hesabu rasmi ya wapagazi wa Waingereza waliofia vitani Afrika Mashariki ni takriban 95,000, wengi wakiuawa na maradhi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Daftari likiwa halina jina, lililobaki ni simulizi.

Simulizi hilo lina tatizo la lugha ambalo wanahistoria hawajalipa uzito unaostahili. Kikeya kilikuwa Kiswahili cha amri: ngeli zimepunguzwa, upatanisho umetupwa, vitenzi vimebaki na maumbo machache. Kwa Mluo au Myao, hiyo ilikuwa lugha ya kujifunza kambini. Mpemba alikwenda na Kiswahili cha mama yake, akaamriwa kwa Kiswahili kilichovunjwa, na aliyekivunja ndiye aliyekuwa na cheo. Kwa hiyo msimulizi anapomwigiza ofisa wake, kosa la upatanisho ni sehemu ya ushahidi. Humtambulisha msemaji, na pengine hubeba dhihaka. Mnukuzi anayelisahihisha anafuta uhusiano mzima wa mtawala na mtawaliwa. Anayeyageuza maneno ya msimulizi mwenyewe kuwa Kiswahili Sanifu anafuta mara ya pili, kwani Kipemba cha Kojani si cha Mkoani.

Fursa ya kuwasikiliza wenyewe ilikuwapo. W. H. Whiteley alipochapisha utafiti wake wa lahaja na mashairi ya Pemba mwaka 1958, aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1917 alikuwa na 61 tu. Lakini utafiti ule ulielekezwa kwenye lahaja na ushairi. Si ajabu: tungo za Kamange, aliyefariki 1910, zilidumu vifuani kwa sababu vina na mizani huishika kumbukumbu. Habari ya mpagazi ni nathari, haina kinachoishika isipokuwa msikilizaji. Geoffrey Hodges aliwahoji wapagazi wazee, lakini wa Kenya. Baada ya Mapinduzi ya 1964, utumishi kwa Mwingereza haukuwa tena jambo la kujivunia hadharani.

Vita vya pili navyo vilipata utenzi mrefu wa Shaaban Robert, mtunzi ambaye hakuwa askari. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944. Hata hivyo Burma ilikuwa imekwisha kuingia katika majumba ya Zanzibar kwa njia nyingine. Mchele ulioliwa visiwani ulitoka huko kwa wingi, na Wajapani walipoiteka nchi hiyo mwaka 1942 ukaadimika. Hivyo mwanamke wa Pemba aliyelima mpunga bondeni na kupika muhogo ana sehemu yake katika historia ya vita hivi, naye mara chache huulizwa.

Walio hai leo ni wana na wajukuu. Jan Vansina alitenga ushahidi wa aliyeona na mapokeo ya aliyesikia. Kwa Pemba kazi imehamia upande wa pili. Kinachohitajika kwanza ni kuuliza kila msimulizi alisikia kwa nani, wapi, na kwa maneno gani. Akisema «kuruta» au «afande», neno liandikwe lilivyotamkwa, pamoja na jina la kijiji.