Kipimo cha DNA ya Choo si Kipimo cha Nasaba

Mama mdogo wangu anaishi Marekani. Alipovuka miaka 50 daktari aliagiza apelekewe nyumbani boksi la kupimia saratani ya utumbo mpana, naye akanipigia simu usiku huohuo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hawa watu wanataka choo changu wakapime DNA. Kwani nani kasema mimi si wa kwetu?"

Ana haki ya kuuliza. Kwetu Tanzania, ukitaja DNA watu wanawaza mtoto na baba anayemkana. Na neno letu la Kiswahili, vinasaba, linavuta hukohuko, maana limezaliwa na nasaba: ukoo, mtu na alikotoka. Kwenye Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na kwenye kazi za Mkemia Mkuu wa Serikali, neno hilo limekaa barabara. Linapobandikwa kwenye choo ndipo linapokwama.

Utando wa ndani ya utumbo mpana hujimenya kila siku, na seli zake kuukuu hutoka pamoja na choo. Penye saratani, au uvimbe unaoelekea huko, baadhi ya seli hizo huwa na DNA iliyoharibika. Cologuard, kipimo cha kwanza cha aina hii kuidhinishwa Marekani, Agosti 2014, hutafuta jeni ya KRAS iliyobadilika, na jeni za NDRG4 na BMP3 zilizopachikwa kemikali ya methili kupita kawaida. Huangalia pia damu ambayo jicho haliioni.

Uharibifu huo mtu hakuurithi. Umetokea ukubwani, katika seli chache za utumbo wake. Haumo kwenye mate yake na hatauacha kwa wanawe. Kwa hiyo anayeandika "kipimo cha vinasaba vya kinyesi" anampeleka msomaji kusiko. Na ni hatari. Wenye saratani ya ukoo kweli, kama familia zenye sindromu ya Lynch, ndio hasa ambao kipimo hiki hakikukusudiwa kwao. Wao hupelekwa moja kwa moja kwenye kamera ya utumbo mpana. Naye anayesema "kwetu haipo" ataliweka boksi kabatini, ilhali wengi wanaopata saratani hii kwao haikuwahi kuonekana.

Mimi naandika kipimo cha DNA ya choo. DNA imeshakuwa neno letu, hata bodaboda analitumia. Kinyesi ni neno safi la vitabuni, lakini muuguzi anayekupa kikopo husema "niletee choo kidogo", na sijaona mgonjwa aliyedhani ameagizwa jengo.

Kuna neno jingine nisilokubali lidondoshwe: awali. Huu ni uchunguzi wa awali. Katika utafiti wa watu karibu 10,000 uliochapishwa 2014, kipimo hiki kilinasa saratani kwa wagonjwa 92 kati ya 100, wakati kile kinachotafuta damu tu kwenye choo kilinasa 74. Lakini pia kiliwatia shaka watu kama 13 katika kila 100 wasio na saratani wala uvimbe wa kutisha. Ukiandika "uchunguzi" tu, aliyepata jibu la shaka ataona ameshahukumiwa, kumbe anaitwa kwenye kamera ili ijulikane.

Nilimwambia mama mdogo, "Mama, hawaulizi wewe ni wa nani. Wanaangalia utumbo wako umedondosha nini." Akanyamaza. Kisha nikasikia karatasi zikifunguliwa, akinisomea hatua moja moja: fremu ya kuweka juu ya sinki la choo, kopo, kijiti cha kukwangulia, dawa ya kumiminia ili choo kisiharibike. Alipofika kwenye saa 72 za kufikisha boksi maabara akasimama.

"Basi nisifanye Ijumaa," akasema. "Nitangoja Jumatatu, posta wawe kazini."