Huruma Isiyosubiri Mapenzi

Kila jamii ina namna yake ya kuishi na mbwa. Wako wanaomlaza kitandani, wako wanaomvisha taji la maua, na wako wasiomruhusu kuvuka kizingiti. Ni rahisi kudhani kwamba wa kwanza ndio wema na wa mwisho ndio wakatili. Mambo mawili ya kawaida, kelele za fataki na mbio za porini, yanaonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi.

Tuanze na Uingereza, ambako mbwa ni mtu wa nyumbani. Kila tarehe 5 Novemba Waingereza hulipua fataki kukumbuka njama ya mwaka 1605, Guy Fawkes alipokamatwa akilinda mapipa ya baruti chini ya Bunge. Usiku huo, katika nyumba nyingi, mapazia hufungwa mapema na televisheni hupandishwa sauti. Mbwa amejibanza nyuma ya kochi, mkia kaufyata, anatweta na kutetemeka, udenda unamchuruzika, na kipande cha nyama alichowekewa hata hakinusi. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa huvuka 40,000. Hajui mlipuko unatoka wapi, wala utakoma lini. Kanuni za mwaka 2004 hukataza fataki kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi, lakini usiku huo ruhusa husogezwa hadi saa 6. Wapenda mbwa na walipuaji fataki ni majirani, na mara nyingine ni watu wale wale.

Nepal inakwenda mbali zaidi: inampa mbwa heshima ya kidini. Siku ya pili ya sikukuu ya Tihar, iitwayo Kukur Tihar, ni yake. Huvishwa shada la maua ya rangi ya chungwa, hupakwa alama nyekundu kwenye paji la uso, na huandaliwa mlo mzuri. Hata mbwa wa mitaani asiye na mwenyewe hupata fungu lake. Wahindu humhesabu mbwa kuwa mjumbe wa Yama, mungu wa mauti. Katika utenzi wa Mahabharata, mfalme Yudhishthira anafika mlango wa mbinguni na kukataa kuingia ikiwa mbwa aliyemfuata njia nzima ataachwa nje. Lakini Tihar hiyo hiyo ni sikukuu ya taa na fataki. Mbwa aliyevishwa maua mchana anaweza kuwa mvunguni mwa gari usiku wa pili yake, akitafuta pa kujificha. Heshima ya siku moja haikumkinga.

Pwani yetu ya Waswahili ina desturi nyingine. Kwa Waislamu wafuasi wa Imam Shafi, ulimi wa mbwa ukigusa chombo, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mbwa hukaa uani au nje ya boma, akilinda. Wengi huishia hapo na kusema Uislamu unamchukia mbwa. Lakini Kurani inamtaja mbwa wa watu wa pangoni, amenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni, naye ni mmoja wa kundi lile. Na Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, amepokea hadithi ya msafiri aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatuni, akakiuma kwa meno apate kupanda, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, Mungu akamsamehe. Hatuambiwi kwamba mtu yule alimpenda mbwa, wala kwamba alimpeleka nyumbani. Alimwona ana kiu, basi.

Porini nako mapenzi peke yake hayatoshi kuwa kipimo. Mwingereza hufurahi kumwona mbwa wake akitimua mbio kwenye majani mabichi, lakini malisho yale yana kondoo. Sheria ya mwaka 1953 humhesabia kosa mwenye mbwa hata kama kondoo amekimbizwa tu bila kuumwa, kwa kuwa kondoo mwenye mimba akifukuzwa anaweza kuharibu mimba. Katika maeneo ya wazi ambako umma unaruhusiwa kutembea, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, mbwa hufungwa kamba isiyozidi mita 2, ndege wanaotaga chini wasisumbuliwe. Unguja na Pemba, wasasi huingia na mbwa vichakani kuwasaka nguruwe mwitu wanaofukua mihogo. Mbwa huyo anakimbia kwa kazi, na mkulima humshukuru hata asipomgusa. Kule Uingereza, uhuru wa mbwa una mipaka iliyowekwa kwa ajili ya viumbe wengine. Ikiwa mbwa anazuiwa asimtishe kondoo, kwa nini binadamu asizuiwe kumtisha mbwa?

Hapa ndipo ninapoona mafunzo ya pwani yana nguvu kuliko tunavyoyathamini. Mapenzi ya Mwingereza na heshima ya Mnepali ni mambo mema, lakini yote mawili hukoma fataki zinapoanza. Huruma ya kisima haimtaki mtu ampende mnyama kwanza. Inamtaka aone dhiki na ajizuie au asaidie. Masikitiko yangu ni kwamba mafunzo hayo tunayasoma madrasa, kisha tunawatazama watoto wakimpopoa mbwa kwa mawe mtaani na hatusemi neno.

Fataki nasi tunazo, Mwaka Mpya na Diwali, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Ukikusudia kulipua, wape majirani taarifa mapema na umalize mapema. Mwenye mbwa, mtembeze kabla jua halijazama, mfungie ndani au kwenye banda imara, usimchape kwa kutetemeka. Akikusogelea, mwache akae karibu. Na wewe usiyemfuga wala kumgusa, mzuie mwanao asitupe jiwe, na weka maji nje ya lango.