Chambo cha Mbuta katika Nyanza ya Kusini

Wanaosimulia historia ya uvuvi katika Ziwa Victoria aghalabu huanza na nyavu. Mimi nakuomba, msomaji, tuanze na kitu kidogo zaidi, yaani chambo. Wavu humnasa samaki apitaye tu. Ndoana haimpati ila yule aliyetaka kula. Kwa hiyo mvuvi wa ndoana hana budi kujua samaki wake anakula nini, na chakula kile kikibadilika, chambo nacho hubadilika. Katika fuko za Migori na Homa Bay, nchi iliyoitwa zamani Nyanza ya Kusini, mabadiliko hayo yametukia mbele ya macho ya watu walio hai hata leo.

Kabla ya nyavu za kigeni, Waluo na Wasuba walivua kwa migono, kwa mikuki, kwa makokoro ya mafunjo, na kwa ndoana. Watoto walichimba nyungunyungu kando ya maji wakavulia fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia waliojaa ziwani. Fulu naye alitungwa katika ndoana kubwa zaidi ili apatikane sewu au mumi. Lakini ngege, aliyependwa kuliko samaki wote, hakujali ndoana, kwa kuwa chakula chake ni vimelea vya kijani vinavyoelea majini, vidogo hata havionekani kwa macho. Utamtungia nini samaki kama huyo? Ndiyo maana nyavu za kutega zilipoletwa mwaka 1905 katika ghuba iitwayo sasa Winam, miaka minne baada ya reli kufika Kisumu, watu walizipokea upesi.

Habari za nyavu hizo zajulikana, nami sitazirefusha. Ngege walipungua, na mwaka 1927 Michael Graham akaja kutoka Uingereza kulichunguza ziwa. Alishauri macho ya wavu yasipungue inchi 5. Sheria ikawekwa, ikavunjwa mara nyingi, na Kenya ikaifuta mwaka 1961.

Wakati huohuo lilizuka shauri jingine: aletwe samaki mkubwa mla samaki, awageuze fulu wasio na bei wawe nyama yenye thamani. Mtaalamu Geoffrey Fryer alipinga kwa maandishi mwaka 1960, akionya kwamba matokeo yake hayatabiriki. Onyo lake lilikuwa la busara, ila lilichelewa. Mbuta, ambaye Tanzania huitwa sangara, alikuwa amekwisha tiwa ziwani katika miaka ya 1950 upande wa Uganda, na wengine wakaongezwa mwaka 1962 na 1963. Kwa muda hakusikika sana. Miaka ya 1980 ilipofika alikuwa ameenea kila mahali, na viwanda vya minofu vikamtafuta kwa ajili ya soko la Ulaya.

Basi ndoana, iliyokuwa imeachwa nyuma na wavu, ikapata heshima mpya. Wavuvi wa Muhuru, Sori, Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano walifunga ndoana kwa mamia katika mshipi mmoja mrefu, wakautega ulale majini usiku kucha. Chambo chao cha kwanza kilikuwa fulu, chakula alichokipenda mbuta mwenyewe. Hapo ndipo penye ajabu ya habari hii. Mbuta aliwala fulu hata aina nyingi zikatoweka kabisa. Akageukia kamba wadogo, omena, na hata watoto wake mwenyewe. Mvuvi akabaki na ndoana tupu mkononi: samaki anayemwinda amemaliza chambo.

Wanafunzi huniuliza kwa nini wasitumie chambo cha bandia, kama wavuvi wa Marekani. Swali ni jema. Huko yuko samaki aitwaye besi, ambaye aliletwa hata katika Ziwa Naivasha mwaka 1929. Mwaka 1949 Nick Creme, mkazi wa Akron katika jimbo la Ohio, alitengeneza nyungunyungu wa plastiki laini kwa kuvulia besi, na tangu hapo kumchagua nyungunyungu huyo kumekuwa elimu kamili. Maji yakiwa maangavu, mvuvi huchukua rangi iliyo karibu na ya asili. Yakiwa ya tope, huchukua nyeusi au zambarau iliyokoza, ili umbo lake lionekane. Samaki wakizubaa kwa baridi, huchukua mdogo na kumvuta polepole. Lakini angalia, msomaji: uhai wote wa nyungunyungu huyo umo katika mkono wa mvuvi. Mbuta naye huuma chambo cha bandia kikivutwa nyuma ya chombo, na watalii wa Rusinga na Mfangano wamevua hivyo. Mshipi uliolala gizani hauna mkono wa kuutikisa. Chambo chake lazima kijitikise chenyewe.

Kwa sababu hiyo mvuvi alimchagua mumi mchanga, wa urefu wa kidole hivi. Omena hufa mara atolewapo majini, lakini mumi huweza kuvuta hewa. Hukaa hai katika beseni lenye maji kidogo, na akiisha tungwa huendelea kupapatika. Vijana wakaanza kumtafuta katika vijito na mabwawa kwa vyandarua, na wengine, jambo linalonisikitisha kama mwalimu, waliacha masomo kwa kazi hiyo. Chandarua hakichagui; pamoja na mumi kilizoa watoto wa samaki wa kila aina.

Mwanzoni mwa karne hii wakulima wa Kenya ya magharibi wakaanza kumzalisha mumi katika mabwawa ya kuchimba, si kwa kitoweo peke yake, bali kwa kuwauzia wavuvi. Fulu wa aina zilizosalia nao wameanza kuonekana tena. Hata hivyo mwenye mshipi wa ndoana mia tano ahitaji mumi mia tano kwa usiku mmoja, nao huuzwa kwa kuhesabiwa mmoja mmoja.